Ziwa Manyara kwa siku moja: flamingo bado wapo au walishahama? Mwenye taarifa za karibuni aniambie

#1 Binti wa Tengeru

Wakuu, habari za jioni.

Nataka kumpeleka mama Ziwa Manyara, kwenda na kurudi siku hiyohiyo, pamoja na wanangu wawili. Mkubwa yupo darasa la tatu, mdogo ana miaka 4. Mama ni mwalimu mstaafu. Miaka yote amefundisha watoto wa watu habari za flamingo kwa picha ya kitabuni, yeye mwenyewe hajawahi kumtia machoni hata mmoja. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo safari ya kulala huko na kuzunguka hataiweza.

Sasa dereva mmoja niliyeongea naye kaniambia nisipoteze hela, eti flamingo wa Manyara walishahama, nitaenda kutazama maji. Jirani yangu alienda mwaka jana, anasema aliwaona, ila kwa mbali mno: mstari wa rangi ya waridi kule ng'ambo, basi. Mtu wa tatu anasema wapo kibao, shida ni kujua mwezi.

Naomba kujua: kweli wamehama? Mwezi gani unafaa? Nifike saa ngapi na nisimame wapi ili mama awaone ndege kama ndege, sio kama mstari? Gari ni RAV4 ya zamani, naendesha mwenyewe.

Natanguliza shukrani.

#2 Tupo Wengi

Naweka kambi hapa. Na mimi natafuta majibu hayohayo.

#3 Dereva wa Kanda

Karibu dada. Natembeza wageni kanda ya kaskazini na Manyara naingia mara kwa mara, nakuambia ninachokiona.

Kusema "walishahama" ni haraka. Flamingo hana ziwa moja la kwake. Ana Natron, Manyara, Eyasi, Momela hapo Arusha, lile la magadi ndani ya kreta ya Ngorongoro, halafu maziwa ya Kenya. Kundi laweza kushinda Manyara leo, usiku likanyanyuka, kesho asubuhi ukakuta manyoya tu ukingoni. Safari zao ndefu wanazifanya usiku, ndiyo maana watu hawawaoni wakiondoka, wanakuta wameshaondoka.

Kuhusu mwezi, mimi nasema baada ya vuli, Januari na Februari. Maji yapo, barabara za ndani hazijachakaa kama wakati wa masika, na ndege wahamiaji wa kutoka Ulaya bado hawajarudi kwao. Ila usipange tarehe kwanza halafu ndiyo uulize. Siku mbili kabla mpigie mtu aliyetoka hifadhini wiki hiyohiyo, muulize mambo mawili: maji yamefika wapi, na ndege wapo upande gani. Akikujibu "wapo wapo tu", tafuta mwingine.

#4 Mgunga

Dereva nakuheshimu, lakini Januari sikubali. Flamingo mdogo, yule mwenye mdomo wa wekundu ulioiva karibu uwe mweusi, chakula chake ni mwani wa maji ya magadi, spirulina. Mwani huo unataka maji yaliyokolea. Mvua ikishanyesha maji yanakuwa mepesi, mwani unapungua, ndege anafuata tumbo lake kwingine. Ningekuwa mimi ningeenda Julai hadi Septemba, ziwa limenywea, magadi yamekolea, ndege wamejikusanya pamoja.

#5 Dereva wa Kanda

Mgunga, na hiyo Septemba hayo maji yaliyokolea yapo umbali gani kutoka barabarani? Hapo ndipo jirani yake alipouona ule mstari.

Barabara ya hifadhi inapita magharibi, imebanwa kati ya ukuta wa Bonde la Ufa na ziwa. Ziwa likirudi nyuma, barabara hailifuati. Katikati hapo kuna uwanda mweupe wa tope. Juu pamekauka, pana ganda la magadi linalong'aa, unaona kama unaweza kupita. Tairi likishavunja lile ganda chini kuna tope jeusi linalonuka, gari linakaa kwa tumbo. Na kwa vyovyote hairuhusiwi kutoka nje ya barabara. Sasa ndege kuwa wengi kunamsaidia nini mama wa watu kama hawezi kuwafikia?

#6 Tupo Wengi

Mgunga na Dereva, kila uzi wa ndege lazima mkutane. Endeleeni, tunafaidika.

#7 Mwl. Jiografia

Mnachobishania nyote wawili kinatokana na umbo la ziwa lenyewe. Manyara ni sahani, si bakuli. Urefu wake ni kilomita 40 na ushee, lakini kina, hata pale penye maji mengi kabisa, hakifiki mita 4. Sehemu kubwa mtu mzima anasimama na kichwa kipo nje.

Fanyeni hesabu ndogo. Tuseme sakafu ya ziwa inashuka mita 1 kwa kila kilomita 1. Maji yakipungua sentimita 20 tu, ukingo unasogea mita 200. Na jua la kiangazi linakausha sentimita hizo bila kuchukua muda. Kwenye ziwa lenye kina kirefu sentimita 20 hutaziona hata ukizitafuta.

Jambo la pili, ziwa halina mto unaotoka. Maji yanaingia kwa mito na chemchemi za chini ya ukuta wa bonde, yanaondoka kwa kupanda hewani peke yake. Chumvi zinabaki. Kwa hiyo maji yakiwa mengi yanakuja karibu na barabara lakini yamezimuliwa, yakiwa machache yamekolea lakini yamekimbia. Anachotaka Binti wa Tengeru ni ile hali ya katikati, na sidhani kama ina mwezi maalumu. Inategemea mvua ya msimu uliopita na hata ule wa kabla yake.

#8 Hondohondo

Niongezee la ndege, maana mnaongea kana kwamba flamingo ni wa aina moja.

Wapo wawili. Mdogo anakula mwani kama alivyosema Mgunga. Mkubwa, yule mrefu mweupe-mweupe mwenye mdomo wa waridi na ncha nyeusi, anachuja vijidudu na vikonokono vya kwenye tope, kwa hiyo hafungwi na spirulina. Mwalimu atapenda kumtazama akila. Anakiinamisha kichwa chini juu, mdomo wa juu unakuwa chini, halafu anakipeleka kushoto kulia huku koo linatetemeka kwa kusukuma maji. Ukiwa na darubini nzuri unaiona ile mitetemo.

Halafu msimsahau mwari. Maji yakiwa mengi na mepesi samaki wanazaliana, na mwari weupe wanafuata samaki. Nimewahi kukuta ukingo umejaa mwari, kongoti na korongo wa mdomo wa njano, flamingo hakuna. Watoto waliokuwepo hawakulalamika hata kidogo. Mwari anatua majini kwa miguu, anateleza juu ya maji hadi asimame, watoto wanapiga makofi.

Kwa hiyo dada, waambie wanao na mama kwamba mnaenda kuona ziwa na ndege wake. Flamingo akiwepo, vizuri sana.

#9 Mzee wa Makuyuni

Nawasalimu wote. Mimi nimezaliwa upande huu na ziwa nalijua tangu utoto.

Mwalimu umeeleza vizuri habari ya sahani. Lakini hujasema kwamba sahani inajaa udongo. Mvua kubwa ikinyesha huku Monduli na Makuyuni, makorongo yanatapika maji mekundu mazito, yote yanaelekea ziwani. Mifugo imeongezeka, miti imekatwa kwa mkaa, mashamba yamepanda milimani. Udongo unaoingia hautoki. Maji yaleyale yaliyokuwa yanakaa katikati sasa yanatandazwa pembeni, na kiangazi yanakauka haraka. Watu wanaona maji mengi wakati wa mvua wanadhani ziwa ni zima.

#10 Kijana wa Kigongoni

Shikamoo mzee wangu. Umesema udongo, wengine huja hapa kutulaumu sisi wa mpunga wa Mto wa Mbu kwamba tunakinga maji kwenye mifereji ziwa likauke. Kwa hiyo kabla hajatokea wa kuyasema: mpunga umelimwa huku miaka na miaka, na kuna miaka ziwa limefurika hadi kuua miti huku mifereji ikiwa ileile. Ukipita ndani ya hifadhi utaiona migunga mikavu imesimama kwenye maji au kwenye tope. Ile imekufa kwa mafuriko ya magadi, haikufa kwa kiu.

#11 Mzee wa Makuyuni

Marahaba kijana wangu. Sijakulaumu wewe. Ila mifereji imeongezeka, hilo nalo ukubali.

#12 Kijana wa Kigongoni

Imeongezeka mzee, nakubali. Nasema tu haitoshi kueleza mafuriko.

#13 Nakuru Leo

Salamu kutoka Kenya. Hii habari ya maji kuzidi tunaijua sana. Ziwa Nakuru limekuwa likipanda tangu 2010 hivi, likameza barabara za hifadhi na msitu wa pembeni, hata lango la zamani likafunikwa. Maji yalipokuwa mepesi flamingo wengi wakahamia Bogoria. Wageni wanakuja Nakuru na picha za zamani kwa simu, zile za ukingo mzima wa pinki, wanauliza wako wapi.

Hapa kwetu watu wanabishana vilevile. Kuna wanaosema ni mvua tu, kuna wanaosema ni ukataji wa msitu wa Mau, kuna wanaosema ardhi ya Bonde la Ufa inacheza chini kwa chini. Naivasha, Baringo na Bogoria nayo yalipanda kipindi hichohicho, kwa hivyo ukilaumu msitu mmoja utashindwa kueleza maziwa mengine.

Dada, kama Manyara hawapo, usishangae kusikia wako kwetu. Hawana pasipoti.

#14 Tupo Wengi

Kumbe ni ndege wa nchi nyingi. Si ndiyo maana Manyara ni eneo la Ramsar, ule mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu? Hapo serikali inawajibika kulinda kiwango cha maji kwa mkataba.

#15 Mwl. Jiografia

Hapana, Tupo Wengi. Maeneo ya Ramsar ya Tanzania ni manne: Malagarasi-Muyovozi (2000), bonde la Ziwa Natron (2001), bonde la Kilombero (2002) na Rufiji-Mafia-Kilwa (2004). Manyara ni hifadhi ya taifa tangu 1960, na UNESCO iliitambua kuwa hifadhi ya bayongahewa (biosphere reserve) mwaka 1981. Watu huichanganya kwa sababu ya Natron.

Na Natron ndiyo yenye siri kubwa. Flamingo wadogo wa Afrika Mashariki wanazaliana pale, karibu wote. Wanajenga vichuguu vya tope katikati ya magadi, yai moja kila kiota. Manyara wanakuja kula. Kwa hiyo mwaka ambao Natron imekubali kuwapa viota, Manyara inaweza kuwa tupu bila kosa lolote la Manyara. Hiyo ni sababu nyingine, wala haihusiani na kina wala mwani wetu.

#16 Mgunga

Hapo Mwalimu umenipa kitu cha kufikiria. Lakini wanaokwenda kutaga ni watu wazima tu. Wale wachanga wa kijivu hubaki kwenye maziwa ya chakula. Kama Manyara haina hata wale wa kijivu, basi bado narudi kwenye mwani.

#17 Binti wa Tengeru

Asanteni sana, sikutegemea kujifunza yote haya. Naona suala la mwezi lina mabingwa wake, nitalisoma taratibu. Hebu nisaidieni la saa na la mahali pa kusimama. Na viingilio.

#18 Dereva wa Kanda

Lango linafunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Kutoka Arusha mpaka Mto wa Mbu ni kama kilomita 120, lami tupu: unafuata barabara ya Dodoma hadi Makuyuni, unakata kulia. Hesabu saa mbili, maana kuna vijiji vingi vya 50 na trafiki wapo kazini. Wewe unatoka Tengeru, ongeza muda wa kulivuka jiji. Toka saa 10 alfajiri, watoto watalala garini.

Malipo hayafanyiki kwa pesa taslimu. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au kadi. Raia analipa kwa shilingi, ubebe kitambulisho cha NIDA chako na cha mama. Mtoto wa chini ya miaka 5 haingii kwenye hesabu. Gari nalo lina tozo yake. Bei ziulize TANAPA wenyewe, shirika la hifadhi za taifa, usitegemee bei za mtandaoni, zinabadilika.

Ukishaingia usiharakishe ule msitu wa mwanzo. Ni msitu mkubwa wa mikuyu na mikwaju unaonyweshwa na chemchemi za chini ya ukuta, si mvua. Asubuhi kima na hondohondo wapo juu yako. Ukitoka msituni nenda kwenye bwawa la viboko upande wa kaskazini. Ni moja ya sehemu chache unazoruhusiwa kushuka kwenye gari, na mara nyingi ndipo ndege wanapokuwa karibu kwa sababu mto unaingia ziwani pale. Mama atakaa vizuri. Ziwa likiwa limefurika sana sehemu hiyo huwa taabu, na hilo ndilo la kuuliza kwenye simu.

#19 Hondohondo

Saa 12 kwa msitu, sawa. Kwa ndege wa ziwani nabisha.

Angalieni ramani. Barabara ipo magharibi, ziwa lipo mashariki. Asubuhi jua linatoka upande wa ziwa, linakupiga usoni. Ndege wote wanakuwa vivuli vyeusi, flamingo hana rangi. Baada ya saa 9 alasiri jua lipo mgongoni kwako, waridi inawaka. Mimi napiga picha, asubuhi sitoi kamera upande ule.

#20 Dereva wa Kanda

Alasiri kuna upepo, maji yana mawimbi na vumbi la magadi linanyanyuka. Na ule ukuta wa bonde unaficha jua mapema, hasa pale barabara inapoubana. Asubuhi kabla ya saa 3 hewa imetulia, unaona mbali. Kuanzia saa 4 joto likipanda uwanda unaanza kucheza, hata darubini haikusaidii, ndege wanaonekana wanaelea.

#21 Hondohondo

Hilo la saa 4 hadi saa 8 tunakubaliana. Muda huo mtu akae msituni, ale, watoto wapumzike. Ila kwa mama mwenye macho ya kawaida bila kamera, rangi ndiyo kila kitu. Nashikilia alasiri.

#22 Nyegere

Mnaposema ale msituni, mwambieni na habari ya nyani. Nyani wa Manyara ni makundi makubwa, wanakaa barabarani kabisa. Mwaka fulani tulifungua kioo kidogo tu mtoto apate hewa. Mkono mweusi ukaingia, ukashika mfuko wa ndizi nyekundu tulizonunua pale sokoni Mto wa Mbu, ukatoka nao. Nyani akakaa mbele ya boneti akazimenya moja moja, ganda anatupa kwenye kioo chetu. Mwanangu alilia hadi tukatoka getini. Chakula kikae kwenye chombo chenye mfuniko, vioo juu. Na mifuko ya plastiki msiende nayo, imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019.

#23 Kijana wa Kigongoni

Hao nyani tunawajua sisi wenye mashamba. Pole kwa mtoto.

Dada, nguo za bluu iliyokolea na nyeusi usiwavalishe watoto kama mtakwenda kusini kuelekea Endabash. Mbung'o wanazipenda rangi hizo. Mikono mirefu, na jioni msiondoke Mto wa Mbu bila kujipaka dawa ya mbu.

#24 Tupo Wengi

Vipi lile daraja la juu ya miti? Na simba wanaopanda miti, bado wapo?

#25 Dereva wa Kanda

Daraja lipo tangu 2017, urefu wake mita 370, linapita kati ya matawi ya ule msitu wa karibu na lango. Linayumba kila mtu akikanyaga. Kwa magoti ya mama sishauri, mkubwa wa darasa la tatu atafurahi. Malipo yake ni pembeni ya kiingilio.

Simba wapo, ila usimwahidi mtu. Tafuta kwenye migunga yenye tawi pana lililolala. Utauona mkia kwanza, unaning'inia.

#26 Nyegere

Wanapanda kwa sababu ya nzi wanaouma. Juu kuna upepo, nzi hawapo.

#27 Mgunga

Nzi wapo kila hifadhi, mbona simba wa kwingine wengi hawapandi? Manyara ni nyembamba, tembo na nyati ni wengi, simba hana pa kukimbilia isipokuwa juu.

#28 Mwl. Jiografia

Wanaopanda wapo kwingine pia, Ishasha kule Uganda wanajulikana sana, na Serengeti wapo. Wengine wanasema ni ubaridi wa juu, wengine kuchungulia mawindo, wengine kwamba mtoto anaiga kwa mama yake na tabia inabaki ukoo mzima. Hiyo ya mwisho inanivutia kwa sababu inaeleza kwa nini hifadhi moja wanapanda na nyingine yenye nzi walewale hawapandi. Tembo wa pale nao wamechunguzwa kwa karibu, mtafiti wa tembo Iain Douglas-Hamilton alianza kuwafuatilia mmoja mmoja mwaka 1965.

#29 Mzee wa Makuyuni

Tumetoka ziwani tumepanda mitini. Nataka kurudi nyuma kidogo.

Mwaka 2004 flamingo walikufa wengi, Manyara na Momela. Huku kwetu watu walisema mengi: dawa za mashambani, wengine njaa, wengine ugonjwa. Mwalimu, unalo la kusema?

#30 Mwl. Jiografia

Mzee wangu, iliyotajwa sana na watafiti ni sumu ya saiyanobakteria. Hao ni jamaa mmoja na mwani ule wanaoula. Spirulina yenyewe haina shida, lakini hali ya maji ikibadilika aina nyingine zenye sumu zinaweza kuzidi, ndege anachuja yote kwa pamoja, hawezi kuchagua.

#31 Mgunga

Na hali ya maji inabadilika kwa nini? Mbolea. Maji ya mashambani yanaingia na mbolea.

#32 Kijana wa Kigongoni

Mgunga ndugu yangu, Momela haina mpunga.

#33 Mgunga

Sikusema mpunga. Nimesema mbolea, na Manyara inapokea maji kutoka pande nyingi, Karatu ikiwemo. Momela naiacha kando, inaweza kuwa na sababu yake.

#34 Binti wa Tengeru

Ndugu zangu, nimekaa na mama tukasoma uzi wote. Ameomba niwaandikie kwamba ameyafurahia maelezo ya Hondohondo kuhusu mdomo wa flamingo, alikuwa akiwaeleza wanafunzi jambo hilo bila kuwa na hakika kama wanalielewa.

Tumefikia hivi: tutaangalia wikiendi za mwezi wa pili, tarehe tutaiweka baada ya kupiga simu. Tutaingia asubuhi kwa ajili ya msitu na bwawa la viboko, mchana tupumzike, na tubaki ziwani hadi alasiri tuone rangi. Kurudi na giza kidogo tutavumilia. Swali langu la mwisho, je, kama simu ikisema maji yapo mbali upande wa hifadhi, kuna namna ya kuliona ziwa kutoka ng'ambo ya mashariki?

#35 Dereva wa Kanda

Kuna upande wa Minjingu, unaendelea na barabara ya Babati badala ya kukata Makuyuni. Ziwa unaliona, na alfajiri jua linakuwa mgongoni, Hondohondo atafurahi. Lakini huko ni ardhi ya vijiji na hifadhi ya jamii ya Burunge, na mapito ya wanyama kati ya Tarangire na Manyara. Usijiingilie tu. Tafuta mwenyeji, pita ofisi ya kijiji, mlipe inavyostahili. Na RAV4 yako kwenye ule uwanda, baki kwenye njia zinazotumika.

Kama ni kwa mama, mimi ningemwombea siku nyingine kuliko kumpeleka huko bila mwenyeji.

#36 Mwl. Jiografia

Ukipita Minjingu mwonyeshe mama kile kilima cha mgodi wa fosfeti. Zamani za kale ziwa lilikuwa kubwa mno kuliko sasa na kilima kile kilikuwa kisiwa. Fosfeti ile inayogeuzwa mbolea imetokana na vinyesi na mifupa ya ndege na samaki wa ziwa lile. Mifupa ya minandi, wale ndege wanaopiga mbizi kuvua samaki, imechimbuliwa pale.

#37 Mzee wa Makuyuni

Kwa hiyo ziwa limekuwa likipungua tangu enzi hizo, hata kabla ya mkaa na mifugo yetu.

#38 Mwl. Jiografia

Limepungua na kupanda mara nyingi mzee, hali ya hewa ikibadilika. Lakini hilo halifuti hoja yako ya udongo. Yote mawili yanaweza kuwa yanakwenda pamoja, na kasi ya sasa ndiyo inayonipa wasiwasi.

#39 Kijana wa Kigongoni

Taarifa ya leo kwa wanaotaka kujua: maji yamesogea kuelekea kaskazini kidogo baada ya mvua za wiki iliyopita. Mwari wapo. Flamingo nimeona kundi moja, si kubwa, asubuhi. Jioni sikuwaona tena.

#40 Mgunga

Jioni waliondoka au upepo uliwasogeza?

#41 Kijana wa Kigongoni

Sijui mkuu. Nilikuwa shambani.

#42 Mwl. Jiografia

Ombi kwa wote wenye picha za zamani za ukingo wa kaskazini, ziwe za familia, za shule, za kazi, zenye mwaka ulioandikwa nyuma. Wekeni hapa. Picha ya mtu amesimama kando ya maji na ukuta wa bonde unaonekana nyuma inatosha kabisa kupima ziwa lilifika wapi mwaka huo.

#43 Mzee wa Makuyuni

Ninazo za wakati wa mvua za El Niño, 1998. Mjukuu wangu akirudi shule Ijumaa atanisaidia kuzituma.